UZI: Usiikimbie taka ya pikiniki, ndiyo inayokuonyesha sarafu za zamani zilipo

Koleo Dogo (mwanzisha uzi):

Wakuu, salamu. Ni zaidi ya miaka kumi sasa napita na detekta, mashine ya kutafutia metali ardhini, misituni na kwenye sehemu ambako watu waliwahi kwenda kupumzika: chini ya miti mikubwa, kando ya chemchemi, kwenye vilima vyenye mandhari. Kila nikikutana na anayeanza, lalamiko ni lile lile: "Pale pamejaa vizibo na makopo, sikumaliza hata nusu saa nikahama." Nimeandika uzi huu kuwasihi msihame. Mimi mahali pasipo na taka yoyote msituni ndipo ninapopita haraka.

Fikirieni sarafu inavyopotea. Anayetembea njiani hadondoshi mara nyingi, na akidondosha husikia mlio akainama kuokota. Sarafu humtoka mtu mfukoni akiwa ameketi chini, amejilaza ubavu, au ameinuka ghafla kumkimbilia mtoto. Inatua kwenye nyasi au majani makavu na hakuna anayesikia. Na pale pale alipoketi ndipo alipofungua chupa, akang'oa pete ya kopo, akafinyanga karatasi ya alumini. Aliyetupa kizibo na aliyepoteza sarafu ni mtu mmoja, mchana ule ule, mkeka ule ule.

Tena taka ina tarehe, kuliko tunavyodhani. Kizibo cha bati chenye meno pembeni kilipewa hataza mwaka 1892, mvumbuzi wake William Painter wa Baltimore. Kwa miongo mingi ndani yake kulikuwa na kipande cha gome lile jepesi linaloziba chupa za mvinyo, plastiki ilikuja baadaye. Pete ya kopo, ile inayong'oka pamoja na ulimi wake, ni kazi ya Ermal Fraze wa Ohio, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1975 Daniel Cudzik akaja na kifunguo kinachobaki juu ya kopo, na pole pole zile pete zikaacha kutupwa ovyo.

Sasa wekeni hayo kando ya historia ya sarafu. Marekani ilitengeneza sarafu zake za senti 10 na 25 kwa fedha asilimia 90 mpaka zile za mwaka 1964. Kuanzia 1965 zikawa za shaba iliyovikwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Uingereza ilishusha fedha kutoka asilimia 92.5 hadi 50 mwaka 1920, na mwaka 1947 ikaiondoa kabisa kwenye sarafu za matumizi ya kila siku. Kwa hiyo ukichimba vizibo kumi na tano vyenye kutu na hujapata pete ya kopo hata moja, pengine umesimama mahali ambapo watu waliacha kuja kabla ya miaka ya 1960. Hapo mimi huzima simu, nikapunguza mwendo, nikaanza upya kutoka pembeni.

Nitoe mfano mmoja. Kuna kichaka nilikipita mara tatu nikidhani hakina kitu. Mara ya nne nikaamua kuhesabu taka badala ya kuilalamikia. Upande wa barabara: pete za makopo, karatasi za alumini, sarafu za juzi. Hatua arobaini ndani, nyuma ya jiwe kubwa, pete zikakatika ghafla. Zikabaki vizibo vya kutu tupu, viwili vikiwa bado na gome ndani. Nikapiga magoti pale siku mbili mfululizo. Nilitoka na sarafu saba, nne zikiwa za fedha, zote ndani ya eneo lisilozidi chumba cha kulala. Njia ya zamani ilikuwa ikipita nyuma ya lile jiwe, na barabara ya sasa ilipokuja watu wakahamia upande wa pili.

Karibuni tujadili.


Mgeni wa Koili:

Mkuu umeshusha madini, nasoma kwa makini. Mimi nina miezi miwili tu. Mashine yangu nimeiweka ichuje chuma na alumini yote, nisikie namba za juu peke yake, kwa sababu nilichoka kuchimba pete. Nakosea?


Koleo Dogo:

Hujakosea ndugu yangu, ila ujue unachokilipia.

Koili yako, ile sahani iliyo mwisho wa fimbo ya mashine, inatuma uga wa sumaku unaobadilika maelfu ya mara kwa sekunde. Uga ule ukikuta metali, unaamsha mikondo midogo ya umeme juu yake, na mikondo hiyo inarudisha uga wake kwenye koili. Mashine inapima jibu limechelewa kiasi gani, ikaligeuza kuwa namba. Fedha na shaba hupitisha umeme vizuri mno, hivyo jibu lake linajulikana, namba za juu. Nikeli iko chini. Alumini ndiyo yenye tabu, maana namba yake inafuata ukubwa na umbo la kipande: pete ya kopo inaangukia karibu na sarafu ya nikeli na karibu na pete ya dhahabu ya kidoleni. Ukizuia moja umezizuia zote tatu. Mashine haijui jina la kitu, inajua jibu la umeme tu.

Tatizo kubwa zaidi ni chuma. Msumari ukilala sentimita chache kutoka kwenye sarafu, na umeamuru mashine inyamaze kwa chuma, itanyamaza na sarafu ikiwa humo humo. Jaribu nyumbani: weka sarafu chini, msumari mmoja kila upande, pitisha koili polepole. Kisha zunguka robo duara, upite kutoka upande mwingine. Mara nyingi upande mmoja kimya, upande wa pili inaita. Ndiyo maana kwenye taka natumia koili ndogo, ya sentimita 15 hivi. Kubwa inakwenda chini zaidi lakini inameza vitu vitano kwa mara moja na kukupa jibu la mchanganyiko.


Sauti ya Pili:

Mleta uzi nakuheshimu ila hapa tutofautiane kidogo. Kuna sehemu za pikiniki ambazo bado zinatumika, zimekatwa nyasi kwa mashine miaka nenda rudi, na makopo yamesagwa vipande elfu. Kuchimba kila mlio pale ni kuharibu nyasi za watu na mgongo wako. Mimi nachimba mlio wa juu tu, unaorudia sawasawa pande zote mbili, basi. Nimepata sarafu zangu za fedha za kutosha kwa njia hiyo.


Koleo Dogo:

Nakubaliana nawe kwa eneo linalotumika, mkuu. Pale alumini iliyosagwa haina tarehe tena, haikuambii chochote, na nyasi zina mwenyewe. Ninachopinga ni kubeba mazoea hayo hadi msituni, mahali palipoachwa. Kule taka imelala ilipoangukia. Kila kizibo bado kipo kwenye anwani yake.

Na tuwasaidie wageni kutambua kizibo kabla ya kuchimba, maana kinadanganya kwelikweli: ni chuma, lakini kwa kuwa ni duara bapa kinaita kama sarafu. Sogeza koili mpaka kitu kiwe chini ya ncha yake ya mbele badala ya katikati. Sarafu itabaki na mlio wake ule ule mfupi. Kizibo kitaanza kukwaruza na kushuka kuelekea chuma. Pia inua koili kidogo kidogo. Sarafu inafifia mapema. Kopo zima linaendelea kuita hata ukiwa umeinua hadi magotini.


Majani Makavu:

Nimekuwa msituni zaidi kuliko kwenye nyasi, niongeze upande wangu.

Kwanza, majani. Watu wanapitisha koili juu ya zulia la majani lenye unene wa kiganja, halafu wanashangaa kwa nini hawapati kitu. Ule unene wote umeukata kwenye uwezo wa mashine yako. Mimi nasafisha kwa mguu au reki ndogo, kipande kwa kipande, koili iguse karibu na udongo, ilale sambamba nao, na nisiinue mwisho wa mkono kama mtu anayefyeka. Nikimaliza narudisha majani. Udongo ulioachwa uchi unakauka na mvua inaubeba.

Pili, kina. Wageni wanaamini kitu cha zamani lazima kiwe chini sana. Siyo lazima. Kwenye nyasi zenye minyoo mingi vitu huzama kweli: Charles Darwin alitawanya vipande vya chokaa kwenye shamba karibu na nyumbani kwake mwaka 1842, na mtaro ulipochimbwa mwaka 1871 vilikutwa vimepangana kwenye mstari, kama sentimita 18 chini. Minyoo huleta udongo juu na kilichopo juu kinafunikwa. Lakini msitu wenye mawe, mizizi na udongo mgumu ni kitu kingine. Nimeokota sarafu ya karne ya 19 ikiwa sentimita nne tu chini, imekalia mzizi kama sahani.

Tatu, msitu wa leo huenda haukuwa msitu. Tafuta mti mmoja mnene wenye matawi yaliyotanda chini, umezungukwa na miti myembamba iliyosimama wima. Ule mnene ulikulia mahali pa wazi, wenye jua pande zote, hii mingine imekuja baadaye. Chini ya mti wa namna hiyo ndipo watu walipotafuta kivuli. Tafuta pia miti iliyopandwa kwa mstari, ngazi za mawe zisizokwenda popote, saruji ya jiko la nje, maua ya bustani yanayochanua katikati ya kichaka. Ramani za zamani na picha za kutoka angani zitakuonyesha njia zilizokufa. Pale njia mbili zilipokutana, au ilipokatiza kijito, anza hapo.

Na visiki! Mti umekatwa, kivuli hakipo, kila mtu anakipita kisiki. Zunguka kisiki kama vile mti bado upo.


Mgeni wa Koili:

Hii ya mti mnene sikuwahi kuifikiria, asante sana kaka. Kuna mmoja nauona kila nikipita.


Majani Makavu:

Dada, asante. Nenda ukauone, ila omba ruhusa kwanza.


Mgeni wa Koili:

Samahani dada, nimechanganya. Nitaomba.


Mzee wa Kisiki:

Wanangu, mazungumzo mazuri. Huyo dada ametaja ruhusa kwa neno moja, mimi nitakaa nayo kidogo.

Kila ardhi ina mwenyewe, awe mtu, halmashauri au serikali, na sheria hazifanani. Kwenye hifadhi za taifa za Marekani detekta hairuhusiwi. Uingereza unahitaji ruhusa ya mwenye ardhi, na maeneo ya kale yaliyolindwa kisheria huyagusi. Kinachohesabiwa kuwa hazina lazima kitolewe taarifa ndani ya siku 14. Ireland huruhusiwi kutafuta vitu vya kale kwa detekta bila kibali. Uliza ulipo, uliza kwa maandishi, na barua ya ruhusa uibebe mfukoni. Nimenyimwa ruhusa mara nyingi. Nikanyimwa na mtu mmoja miaka miwili, mwaka wa tatu akaniita mwenyewe nimtafutie pete ya ndoa iliyompotea bustanini.

Kuchimba nako. Kata udongo pande tatu kama herufi U, upande wa nne uuache umeshika, ufunue kama kifuniko cha sanduku. Udongo uliolegea uumwage juu ya kitambaa, siyo kwenye nyasi. Ukimaliza umimine wote, funika, kanyaga. Wakati wa kiangazi kikali usikate nyasi kabisa, zitakufa na alama ya duara itabaki kukushtaki. Msituni usikate mzizi unaozidi unene wa kidole. Sarafu ikiwa chini ya mzizi mkubwa na haitoki, iache. Na kila taka uliyochimba, ondoka nayo. Yule bwana niliyemtaja alibadili mawazo siku aliponiona natoka kwa jirani yake na mfuko wa vizibo.

Jambo la mwisho ni daftari. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa ufukweni kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Hakuwa na mashine yoyote. Alizihifadhi tu, na akaweka alama kwenye ramani mahali alipoziokota. Zilipochunguzwa mwaka 1979 na baadaye, tano zikakutwa ni za shaba kutoka Kilwa, za zama za usultani, na nne za kampuni ya Waholanzi ya India Mashariki. Sarafu za pwani yetu ya Waswahili, ng'ambo ya bahari yote ile! Mpaka leo watu wanajadili zilifikaje. Watafiti walipokwenda kule mwaka 2013 walikuwa na ramani yake mkononi. Bila ile alama zingekuwa vipande vya shaba kwenye kopo la mtu.


Mgeni wa Koili:

Shikamoo mzee. Hiyo ya Kilwa imenigusa sana. Swali: je, nikichimba sarafu moja, chini yake ikawepo nyingine, na nyingine? Naendelea?


Mzee wa Kisiki:

Marahaba mwanangu. Sarafu mbili tatu pamoja zinaweza kuwa mfuko uliotoboka. Zikiendelea kutoka, na hasa zikiwa na vigae au mabaki ya ngozi au mbao, toa mkono. Novemba 1992, huko Hoxne, Suffolk, Eric Lawes alikuwa akimtafutia rafiki yake mkulima nyundo iliyopotea shambani. Alipoona sarafu za Kirumi zinamiminika, aliacha na kutoa taarifa. Wanaakiolojia wakafukua kwa utaratibu, wakaona jinsi vitu vilivyopangwa ndani ya sanduku lililokwisha kuoza. Zilikuwa sarafu 14,865. Nyundo nayo ilipatikana.

Na ukikuta kitu chenye umbo la risasi kubwa, bomu au kombora, hata kikiwa kimeliwa na kutu, usikiguse wala usikisogeze. Weka alama mbali kidogo, ondoka, piga simu kwa vyombo vya usalama. Misitu mingi ilitumika kwa mazoezi ya kijeshi.


Shaba Kijani:

Naomba nizungumzie kosa ninaloliona kila wiki, la kusugua kwa kidole gumba. Sarafu imetoka, moyo unadunda, unataka kuona mwaka, unaisugua. Chembe za mchanga zilizo juu yake ni ngumu kuliko metali yenyewe. Umeikwaruza uso, na mikwaruzo ile haitoki tena.

Fedha udongo hauiumizi sana, ukingo wake unatoka unang'aa kama umeangushwa jana. Shaba inavaa ngozi ya kijani, na ngozi ile ikiwa laini na imara ndiyo inayoshika maandishi. Ukiibandua, maandishi yanaondoka nayo. Senti za Marekani za baada ya 1982 ni zinki iliyovikwa shaba nyembamba, hizo udongo unazila mpaka matundu. Nikeli hutoka na wekundu.

Mimi hubeba kopo dogo la plastiki lenye pamba na maji kidogo. Sarafu inaingia humo na udongo wake. Nyumbani nailoweka kwenye maji yaliyochujwa madini, siku moja au wiki, nabadilisha maji, kisha udongo uliolegea nautoa kwa kijiti laini cha mbao. Sitii ndimu, siki, dawa ya meno wala brashi ya waya. Kama haisomeki baada ya hapo, naiacha hivyo hivyo isisomeke.


Sauti ya Pili:

Nakubali, mwaka wangu wa kwanza niliharibu sarafu nzuri ya fedha kwa dawa ya meno. Inang'aa mpaka leo na haina uso. Inaniuma kila nikiiona.


Mgeni wa Koili:

Wakuu nimerudi. Mwenye msitu amekubali, ameniandikia kabisa, sharti nisiguse upande wenye miche.

Nilikwenda kwenye mti ule mnene. Nilifanya kama mlivyosema: sikuzuia kitu, nikaondoa majani kwa reki, nikahesabu taka. Kwenye saa mbili za kwanza nilipata vizibo kumi na moja, vyote vya kutu, misumari sijui mingapi, kopo moja lililofungwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Pete ya kopo, hakuna. Nikakumbuka uzi huu, sikuondoka.

Upande wa mteremko, hatua sita kutoka kwenye shina, kulikuwa na mlio dhaifu sana. Nikipita kutoka mashariki inaita mara moja, nikigeuka robo duara inakwaruza kama chuma. Zamani ningeiacha. Nimekata, nimefunua, kuna msumari uliopinda. Nikautoa, nikapitisha tena koili: mlio wa juu, safi, pande zote. Sentimita kama kumi na mbili hivi, pembeni mwa shimo, imesimama kwa ukingo. Duara jembamba jeupe. Mikono ilinitetemeka.

Sijaisugua. Iko kwenye kopo la pamba, naona sehemu ya kichwa na tarakimu mbili tu, 1 na 8. Nifanye nini sasa?


Koleo Dogo:

Hongera sana ndugu yangu! Kusimama kwa ukingo ndiyo sababu mlio ulikuwa dhaifu, koili iliona ubavu tu, na msumari ukaongezea. Ulifanya vizuri kurudisha koili shimoni.

Sasa hivi, kabla hujaiweka kwenye maji, chukua daftari: hatua ngapi kutoka kwenye shina, upande gani, kina, na vizibo vilikuwa wapi kuuzunguka mti. Chora hata kama hujui kuchora. Kisha iloweke kama Shaba Kijani alivyoeleza, na uipige picha umtumie mwenye msitu. Ni ardhi yake, atafurahi kuwa wa kwanza kujua. Ukirudi, anzia pale pale na uende chini ya mteremko, siyo juu. Mvua imekuwa ikishuka upande huo muda wote huo.


Mgeni wa Koili:

Nimeandika. Hatua sita, upande wa kusini magharibi, sentimita 12, vizibo vinne mkono wa kulia na vitatu chini yake. Imeshaingia kwenye maji. Kesho asubuhi nabadilisha maji ya kwanza, nikiona tarakimu nyingine nitaziweka hapa.